Maji ya Kwanza ni ya Mlimau

Shangazi alinikabidhi pasi ya makaa ya Tata siku ya tatu baada ya mazishi, ikiwa imefungwa ndani ya gunia la sukari. Wengine waligawana sufuria, mablanketi na kuku. Mimi nilitaka pasi tu. Nilipoifungua nyumbani kwangu, majivu kidogo yalianguka sakafuni, na harufu ya wanga wa muhogo ulioungua ikanipanda puani. Nikakaa chini papo hapo, mtu mzima mwenye watoto, nikalia bila aibu. Nyinyi mliokulia enzi za pasi ya makaa mnaijua harufu hiyo. Kwenu pengine ni harufu ya sare za shule siku ya Jumapili jioni. Kwangu mimi ni harufu ya Mungu, na sisemi hivyo kwa kupamba maneno.

Tata kwa Kiteso ni nyanya, mama wa mzazi wako. Wangu alibatizwa Skolastika, na parokia yetu nzima pale Malaba ilimwita Mama Skola. Nililelewa kwake kwa kuwa mama alifanya kazi Busia mjini na kuja kutuona mwisho wa mwezi. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya maegesho ya malori. Ukisimama mlangoni uliuona Mwamba wa Tororo upande wa Uganda, na mbele yake mlolongo wa malori yaliyosubiri kuvuka, madereva wakipika chai chini ya matrela. Kanisa lilikuwa karibu sana nasi, hata kwaya ikiimba huku lori likirudi nyuma kwa kelele, ungedhani lori nalo limepewa sauti yake ya kuimba.

Kazi ya Tata pale kanisani ilikuwa vitambaa. Kila Jumamosi alivileta nyumbani vyote vilivyogusa altare: vile vidogo vya kupangusia kikombe, na kile cha mraba kinachotandazwa chini ya mkate wa Misa. Alikuwa na beseni jeupe ambalo halikuruhusiwa kufanya kazi nyingine yoyote duniani. Siku moja shangazi aliogesha mtoto ndani yake, na Tata hakumsemesha mpaka jioni. Vitambaa vililowekwa humo kwanza, bila sabuni. Kisha Tata alilibeba beseni kwa mikono miwili, polepole, akipita jikoni, akipita kwenye banda la kuku, mpaka kwenye mlimau uliokuwa nyuma ya nyumba. Alichuchumaa na kumwaga maji yale kwenye shina, kidogo kidogo, midomo ikicheza. Sabuni ilikuja baadaye, na wanga wa muhogo aliousaga mwenyewe, na pasi. Lakini maji ya kwanza yalikuwa ya mlimau.

"Tata, kwa nini mti unakunywa maji ya kanisa?" nilimuuliza.

"Kwa sababu pengine chembe ya Mwili imebaki kwa kitambaa. Haiwezi kumwagwa mahali watu wanakanyaga."

"Kwa hivyo mlimau unakula Yesu?"

Alifikiri kidogo. Tata hakuwahi kumcheka mtoto anayeuliza. "Mlimau haukatai," alisema.

Jibu hilo lilinitosha kwa miaka. Niliuogopa ule mti na kuupenda kwa pamoja. Sikuruka kamba karibu nao. Nilipokuwa na mtihani nilichuma limau moja kwa siri, nikalila na chumvi huku macho yakitoka machozi kwa ukali, nikaenda shule nikiwa nimejaa utakatifu. Matokeo hayakubadilika, lakini hilo sikuulaumu mti.

Ndipo nikajieleza jambo lingine lililokuwa likinisumbua. Kila Jumapili, wakati wa Komunyo ukifika, watu wote wa benchi letu walisimama kwenda mbele, isipokuwa Tata. Alivuta magoti yake upande ili wenzake wapite. Alifanya hivyo kwa adabu, kama mwenyeji anayepisha wageni mlangoni. Kisha alibaki peke yake kwenye benchi tupu, mikono mapajani, akiwatazama wakienda na akiwatazama wakirudi. Mimi kwa akili zangu niliona ni rahisi. Wale wengine wanapokea kanisani kwa sababu nyumbani hawana mlimau. Tata anao. Yeye ameshakula.

Nilitembea na imani hiyo kifua mbele mpaka nilipoanza mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Tulikuwa watoto kama thelathini chini ya Katekista Ekisa, mzee mwembamba aliyefundisha huku akijikuna mgongo kwa rula. Pale nilikuwa naketi na Perpetua, ambaye mama yake alikuwa na gesti ya madereva na kwa hiyo alijua habari za kila mtu. Siku moja nilimweleza Perpetua siri ya mlimau. Alinikazia macho akaangua kicheko.

"Wewe ni mjinga kweli. Tata yako hawezi kupokea. Yeye ni bibi ya pili. Mama amesema. Mzee wenu ako na bibi ya kwanza huko Tororo, na Padri alisema Mama Skola akitaka kupokea lazima amtoke mzee."

"Uongo!"

"Muulize. Na mama alisema hajawahi kuonja hata siku moja."

Nilimpiga Perpetua kwa daftari. Kisha nikaenda nyumbani nikauliza, si Tata bali shangazi, na shangazi akanipa habari yote akimenya muhogo, bila hata kuinua macho. Tata alibatizwa akiwa msichana, na katekista aliyekuwa akija kwa baiskeli. Kabla hajamaliza mafundisho ya Komunyo, aliozwa kwa Papaa, yaani babu yangu, aliyekuwa mtu wa reli, mwenye kazi ya kutembea juu ya njia ya treni akigonga nati kwa nyundo. Papaa alikuwa ameshaoa Tororo. Mapadri waliokuja mmoja baada ya mwingine walimwambia Tata jambo lile lile: atoke kwa mzee, mlango uko wazi. Na yeye akawajibu wote jambo lile lile: "Nimtoke aende wapi? Nguo zake nani atafua?"

Nilijaribu kuyaweka hayo kichwani yakagoma kuingia. Miaka na miaka Tata alikuwa amefua na kunyoosha kitambaa cha mkate ambao hakuwahi kuuonja. Kila kona ya kanisa ilinukia wanga wake. Na yeye alivuta magoti watu wapite.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu kubwa, na naomba mlipime kwa malezi yetu. Kwetu mtoto hali sherehe peke yake. Ukienda harusini, ukienda matangani, ukienda kwa jirani aliyechinja, lazima urudi na kifurushi cha nyanya yako: kipande cha nyama kwenye jani la mgomba, au mandazi mawili kwenye kitambaa. Ukirudi mikono mitupu utaulizwa umelelewa na nani. Katekista alikuwa ametufundisha kwamba hii ndiyo karamu kubwa kuliko zote. Alitufundisha pia kuimeza pale pale, hilo sikatai. Lakini kati ya maneno ya katekista na desturi ya nyumbani, desturi ilikuwa imenitangulia kuzaliwa.

Siku ilipofika nilivaa gauni jeupe ambalo Tata alilitia wanga mpaka likasimama lenyewe. Kanisa lilijaa. Padri aliniwekea hostia kiganjani, akasema, "Mwili wa Kristo," nikasema, "Amina," nikasogea pembeni, nikainua mkono mdomoni, nikatafuna hewa. Kisha nikaifunika hostia kwa kiganja cha pili na kurudi kwenye benchi letu, mahali alipokuwa ameketi yeye peke yake, magoti upande.

"Tata," nilinong'ona. "Nimekuletea."

Nilifunua kiganja.

Nimeshawahi kuona watu wakiogopa. Nimemwona dereva wa lori breki zikimkatikia kwenye mteremko. Sijaona tena uso kama ule. Tata, ambaye aliua nyoka kwenye banda la kuku kwa mwiko, alitetemeka. Hakunitazama mimi, alikitazama kiganja changu. Kilikuwa hapo karibu na kifua chake, kile kitu alichokitamani tangu usichana, na hakuna aliyekuwa akiangalia. Angeinamisha kichwa tu. Mpaka leo naamini kwamba ilimpitia akilini, kwa sababu nilimwona akimeza mate.

Kisha alitoa leso yake safi, akaitandaza juu ya mkono wangu bila kukigusa kilichokuwemo, akasimama.

"Twende," alisema. "Pole pole. Usikimbie."

Tulitembea katikati ya kanisa, mimi mbele na yeye nyuma yangu, mikono yake ikiwa imekinga chini ya mkono wangu kama mtu anayebeba mshumaa kwenye upepo. Foleni ikaachana. Kwaya ikapunguza sauti, kisha ikanyamaza kabisa, na nikasikia lori moja likinguruma huko nje. Tulipofika kwenye ngazi ya altare, Tata alisimama. Jumamosi alipanda ngazi ile na ufagio na vitambaa bila kufikiri, lakini sasa ilikuwa Misa, na hakuipanda.

"Padri, mtoto amebeba," alisema. "Hajui. Alitaka kunipatia."

Padri alishuka. Alikuwa kijana, mgeni kwetu, asiyezoea bado vumbi la Malaba. Alinitazama mimi, akatazama leso, akamtazama Tata kwa muda mrefu.

"Na wewe Mama Skola, hukugusa?"

"Sijagusa, Padri."

Alifunua leso. "Kula, mwanangu," aliniambia, nikala. Kisha akamwambia Tata, kwa sauti ambayo hata benchi za nyuma zilisikia, "Asante kwa kumrudisha." Nilitegemea atagombezwa, nikaona padri ndiye aliyeinamisha kichwa.

Katekista Ekisa alinitolea macho mpaka mwisho wa Misa, na hata soda yangu ya sherehe haikunipa raha. Nyumbani nilingojea fimbo. Badala yake Tata alitoa beseni jeupe. Aliniita nyuma ya nyumba, akakishika kiganja changu juu ya beseni, akakimwagia maji kutoka kwenye jagi, akikisugua kwa kidole gumba kila mstari, kila kunjo. Kisha maji yale akayapeleka kwenye mlimau.

Alipomaliza alibaki amechuchumaa. "Ina ladha gani?" aliuliza bila kugeuka.

Nilikuwa nimeshapata matatizo ya kutosha siku ile, nikaamua kusema ukweli. "Haina ladha, Tata. Ni kama karatasi."

Alicheka kidogo. "Ni kwa sababu huna njaa."

Baada ya siku hiyo nilianza kumsikiliza Tata kuliko nilivyokuwa nikimsikiliza. Alisali kila alfajiri kabla ya kuwasha moto, akipiga magoti kwenye sakafu ya udongo, kwa Kiteso, kwa sauti ya kawaida, mithili ya mtu anayempa jirani habari za usiku. Nilikuwa nikisikia sala ile tangu utotoni bila kuisikiliza. Aliwataja watoto wake wote. Alimtaja yule mke mwenzake wa Tororo kwa jina, akamwombea miguu. Na mwisho, kila siku, alimwombea Papaa: "Mwongezee siku. Usimchukue mapema."

Papaa alikuwa ameanza kukohoa wakati huo. Alikuwa mzee mpole mwenye maneno machache, aliyependa kuketi na wenzake wa reli kuzunguka chungu cha pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Sasa mrija ulikuwa unamchosha. Na Perpetua, ambaye tulikuwa tumeshapatana, aliniletea habari nyingine kutoka gesti.

"Mama amesema mzee wenu akienda, hapo Tata yako atakuwa huru. Atapokea."

Naandika yanayofuata kwa aibu ambayo haijapoa. Nilipiga hesabu ya mtoto. Nikaanza na mimi kusali alfajiri, chini ya blanketi, upande wa pili wa ukuta. Nilimwomba Mungu amchukue Papaa. Niliomba kwa adabu, asipate maumivu, lakini niliomba achukuliwe upesi, Tata wangu apate kula. Nyumba moja, ukuta mmoja wa udongo, sala mbili zikipanda kwa wakati mmoja. Mimi nilitaka Tata ashibe. Yeye, ambaye ndiye aliyekuwa na njaa, aliomba kila siku njaa yake irefushwe.

Sikulielewa hilo wakati ule. Nililielewa nikiwa mkubwa, nimesimama jikoni kwangu nikiosha vyombo, na sahani ikanitoka mkononi.

Papaa alifariki mchana, wakati wa mvua. Tata alikuwa amemlaza kifuani pake na kumpa uji wa wimbi kwa kijiko. Nilikimbilia kwenye mlimau nikajificha. Nilijua kabisa ni mimi niliyemuua. Yeye mwenyewe ndiye aliyenikuta pale jioni, kichwa kimeshafungwa kitambaa cha mfiwa, nikamwambia yote kwa kwikwi: sala, blanketi, Perpetua, yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwani Mungu anachukua amri kutoka kwako?" aliuliza. "Mapafu ya mzee yalikuwa yameisha. Futa kamasi, watu wanakuja."

Watu walikuja kweli, hata yule mke wa kwanza alivuka mpaka na watoto wake, miguu ikimsumbua, na Tata akampa kitanda chake. Kabla ya Misa ya mazishi Padri alimwita Tata pembeni. Nilikuwa nimeshika sketi yake, nikasikia.

"Mama Skola, sasa hakuna kizuizi. Ukiungama hata sasa hivi, unaweza kupokea leo."

"Leo ni siku ya mzee," alisema. "Nikikimbilia leo, itakuwa kama nilikuwa namngojea afe. Acha kwanza nimlilie."

Alimlilia kwa wiki kadhaa. Alifua mashati yake yote ya reli kana kwamba angeyavaa tena, akayanyoosha, akayagawa. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya moto. Kila Jumapili nilimtazama akivuta magoti, na kila Jumapili nilitaka kupiga kelele.

Halafu Jumamosi moja, baada ya kunyoosha vitambaa vya altare, hakuzima makaa. Alileta gauni lake la kijivu, akalitia wanga, akalinyoosha mpaka likasimama kama lile langu. Kisha akaenda kuungama. Alikaa ndani muda mrefu, mpaka watoto tuliokuwa tukicheza nje tukachoka kucheza.

Kesho yake, wakati wa Komunyo ulipofika, benchi letu lilisimama na Tata akavuta magoti. Watu walipita. Akina mama wa jumuiya, waliokwisha kujua, walisita, mmoja akamwonyesha kwa mkono atangulie. Akatikisa kichwa. Aliwaacha wapite wote, wa kwetu, wa nyuma, madereva wanaosimama karibu na mlango, watoto, mama wa Perpetua. Alikuwa amezoea kupisha watu na hakuona sababu ya kuacha siku hiyo. Alipopita mtu wa mwisho, akasimama.

Alitembea peke yake. Kwaya ilimaliza wimbo na haikuanza mwingine. Katekista Ekisa, aliyekuwa amesimama karibu na altare, aliweka rula yake chini. Tata alitandaza kiganja, kile kiganja chenye alama za pasi, na Padri alisema maneno, na "Amina" ya Tata ilitoka na sauti ya msichana. Nilikuwa nimejua tangu mafundisho kwamba Mungu yupo. Siku hiyo nilijua kwamba anangojewa.

Hakurudi akilia wala akipiga vigelegele. Alirudi kwenye benchi, akapiga magoti, na akakaa hivyo mpaka kanisa likawa tupu na mfagiaji akaanza kufagia akimzunguka.

Tulirudi nyumbani. Tulipofika alikwenda moja kwa moja kutoa beseni jeupe, akaliweka karibu na mlimau, akanipa jagi. Ndipo nilipopata ujasiri.

"Tata, ilikuwa na ladha gani?"

Alinigeukia. Macho yake yalikuwa yamejaa, na mdomo ulikuwa ukitaka kucheka.

"Mwongo wewe," alisema. "Eti karatasi!"

Kisha akachuchumaa, akaunyoosha mkono juu ya beseni, akaniambia nimmwagie. Nilimwagia polepole, kama alivyonifundisha, nikikisugua kiganja chake kila mstari, kila kunjo. Maji ya jagi yakaisha, na yeye bado alikuwa amekifunua.